Land Rover Chini ya Mparachichi: Maswali Yenu Kuhusu Magari ya Zamani

Barua nyingi mwezi huu ni za Land Rover za Series, zile zenye springi za bapa ambazo kiwanda kiliacha kuziunda 1985. Vipimo tulivyotoa ni vya injini ya petroli ya lita 2.25, ndiyo iliyo kwenye magari ya wengi walioandika.

Tuanzie wapi?

*Hamjambo wahariri. Mzee wetu alituachia Land Rover Series IIA ndefu, ya inchi 109. Imekaa chini ya mparachichi miaka 11. Bodi ni nzima, haina kutu hata kidogo. Ndugu yangu anataka tuanze na rangi, mimi nasema injini. Tusaidieni kabla hatujakosana. (Msomaji, Ruai)*

Poleni kwa kuondokewa na mzee. Msianze na rangi wala injini. Anzeni na chesi.

Bodi haina kutu kwa sababu si chuma. Ni Birmabright, alumini iliyochanganywa na magnesi, iliyochaguliwa 1948 wakati chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo Uingereza baada ya vita. Lakini chini ya bodi hiyo kuna chesi ya chuma, mabati manne yaliyochomelewa yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia humo yakakaa, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana gari linaweza kupendeza machoni ilhali mifupa yake imeoza.

Kabla mtu hajaingia chini, jueni jambo hili: hendibreki ya Series haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli. Mkiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliacha lizunguke, na gari linatambaa hata kama hendibreki imevutwa hadi mwisho. Zuieni magurudumu yaliyo chini, mbele na nyuma, kisha gari likae juu ya stendi nne za chuma. Mawe ya Ndarugo na bloku za simiti hupasuka bila kuonya, msiyatumie.

Kwaruzeni tope lote, kisha pigeni chesi kwa nyundo ndogo kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima hulia kama kengele na nyundo hurudi yenyewe mkononi. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kadibodi, na nyundo hubaki palepale ilipoangukia. Tieni chaki kila mahali penye sauti hiyo. Boriti ya nyuma ndiyo huoza kwanza, hasa pembe zake mbili. Fuateni mikono inayotoka ubavuni kubeba bodi, vishikio vya springi, ncha mbili za mbele, na upande wa juu wa chesi. Huo wa juu hauonekani, kwa hiyo pitisheni kioo kidogo na tochi.

Fundi wa welding atataka kubandika kiraka juu ya kutu kwa sababu ni kazi ya saa moja. Mkatalieni. Moto wa welding hutoboa bati lililoliwa, na kati ya kiraka na bati la zamani hubaki nafasi ya maji kutulia. Bati likatwe hadi pale graenda inapofichua chuma cheupe chenye unene wake wote, ndipo kipande kipya kichomelewe ukingo kwa ukingo. Chesi hii ni ya geji 14, yaani milimita 2. Tumieni bati hilohilo, au milimita 3 kwenye vishikio vya springi. Kabla ya kukata chochote, chomeleeni vyuma vya pembe kushikilia umbo, na pimeni mshazari kutoka kona hadi kona. Fanyeni upande mmoja kwanza, pimeni tena, halafu mwingine. Kishikio cha springi kikikaa upande, gari litatembea kama kaa na kula tairi, na hakuna kurekebisha stiaringi kutakakoliponya.

Kazi hiyo ifanyike betri ikiwa imetolewa na tangi la petroli liko mbali kabisa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke ndio unaolipuka.

Baada ya chesi, tazameni ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Huo nao si alumini. Huoza pale mnapoweka miguu, kwenye nguzo za bawaba za milango na kwenye pembe za juu chini ya kioo. Bati la geji 16 au 18 linatosha. Na kila mahali alumini inapoegemea chuma, unyevu ukiwapo, alumini ndiyo huliwa. Mtaona unga mweupe kando ya boliti. Pakeni rangi pande zote mbili kabla ya kufunga, wekeni ukanda mwembamba wa mpira katikati, na tumieni boliti zilizopakwa zinki. Mwisho nyunyizieni mafuta mazito ya kuzuia kutu ndani ya chesi kupitia matundu yake, na msiyazibe matundu ya chini. Yamewekwa ili maji yatoke.

Breki na stiaringi zifuate, kisha injini, kisha waya. Ndugu yako atapaka rangi yake mwisho kabisa, na kwa alumini atafute praima ya asidi, ile ya kung'ata. Praima ya kawaida hubanduka kwenye alumini kama ganda la kitunguu. Brashi ya waya iliyosugua chuma isiguse alumini, kwa maana huacha chembe za chuma zinazokuja kuchanua kutu chini ya rangi mpya.

Redio mpya imeungua

*Nilifunga redio kwenye Series IIA ya 1965. Ilitoa moshi papo hapo. Fundi wa umeme anasema redio ilikuwa mbovu. Nimrudishie muuzaji? (Msomaji, Donholm)*

Usimrudishie, hana kosa. Hadi karibu 1967, Land Rover zilifungwa betri kinyume na magari ya leo: upande wa chanya ndio ulioungwa kwenye bodi. Redio yako ilipokea umeme uliogeuzwa. Angalia waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Ukitoka kwenye alama ya kujumlisha, umepata jibu.

Kugeuza si kazi kubwa. Geuza nyaya za betri, za koili na za mita ya ampia. Kama bado una dainamo, chomoa waya kwenye kichwa chake kilichoandikwa F, kisha gusisha kichwa hicho kwa waya kutoka upande hai wa betri, mara mbili au tatu, kila mara kwa nukta moja tu. Usipofanya hivyo dainamo itachaji kinyume na kuunguza rekuleta, kile kidhibiti cha kuchaji. Starta haijali, itazunguka upande uleule.

Injini iliyokaa miaka sita

*Jirani ananishauri tuifunge kamba, tuivute kwa pikapu yake na niachilie klachi ikiwa gia ya tatu mpaka ishike. Nyie mnasemaje? (Msomaji, Kahawa West)*

Mshukuru jirani, lakini kamba hiyo iwekeni. Injini iliyokaa huwa na ringi zilizoshikana na silinda kwa kutu, na mara nyingi valvu moja au mbili zimekwama. Pikapu haihisi chochote. Itavunja ringi na kupinda fimbo za valvu kabla hamjasikia mlio.

Ng'oa plagi zote nne. Changanya dizeli na mafuta ya giaboksi otomatiki, nusu kwa nusu, na mimina vijiko viwili vya mezani katika kila silinda. Acha siku tatu. Fungua kifuniko cha juu na udondoshee mashina ya valvu mchanganyiko huohuo. Kisha chukua hendeli: Series zina tundu lake mbele, na hiyo ndiyo njia salama kwa kuwa mkono unahisi. Sukuma kidogo mbele, rudisha, sukuma tena. Ikigoma usiiningʼinie, ongeza mafuta na ungoje siku nyingine mbili. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, wala kisizunguke hendeli. Injini ikirudi nyuma ghafla, hendeli itateleza mkononi badala ya kukuvunja.

Ikianza kuzunguka, usifurahi bado. Mtu mmoja azungushe, mwingine aangalie valvu nane zikishuka na kupanda. Isiyopanda imekwama. Igonge taratibu kwa kipande cha mbao, tia mafuta, rudia. Fimbo ya valvu iliyopinda huonekana ukiibiringisha juu ya kioo cha dirisha.

Sasa mwaga oili ya zamani na ubadilishe kichujio. Injini huchukua takriban lita 6, na kichujio karibu lita moja juu yake. 20W-50 inaifaa. Zungusha kwa starta bila plagi hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi. Petroli ya zamani ya kwenye tangi usiithubutu, imegeuka gundi.

Wengi hukata tamaa kwenye kupima mgandamizo. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Geji itasoma pungufu kwa kiasi kama hicho hata injini ikiwa mpya. Kwa hiyo usishike namba ya kitabu cha Uingereza ukakimbilia kufungua injini. Linganisha silinda kwa silinda. Zikikaribiana, tofauti isizidi asilimia 10 au 15, una injini. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili ndani yake na upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gaskiti ya silinda hedi.

Pengo la tapeti, ile nafasi juu ya shina la valvu, ni milimita 0.25 kwa zote nane, injini ikiwa moto au baridi. Kuna kanuni ya tisa: hesabu valvu kutoka mbele, 1 hadi 8. Ya 8 ikiwa imeshuka hadi mwisho, rekebisha ya 1. Ya 7 ikishuka, rekebisha ya 2. Jumla daima ni 9. Poenti, swichi ndogo ya kukata umeme wa koili, ziwe na pengo la milimita 0.35 hadi 0.40, na mpangilio wa moto, yaani zamu za silinda kuwaka, ni 1-3-4-2.

Oili gani, kiasi gani?

*Dukani wameniuzia EP90 ya GL-5 na kusema ndiyo bora zaidi. Niweke kwenye giaboksi? (Msomaji, Ngong)*

Kwenye difu, sawa. Kwenye giaboksi, hapana; tafuta ya daraja la GL-4. Dawa iliyo katika GL-5 nyingi hushambulia shaba, na ringi zinazosaidia gia zako kuingia bila kukwaruza ni za shaba. Giaboksi huchukua takriban lita 1.5, boksi ya pili iliyo nyuma yake yenye fito nyekundu na ya njano lita 2.5, kila difu lita 1.75, na kila tufe la gurudumu la mbele nusu lita. Jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, basi.

Kumbuka kulegeza nati ya kujazia kabla ya kumwaga. Ikigoma kufunguka wakati oili imeshamwagika, utakuwa na gari lisiloweza kwenda hata kwa fundi.

Napampu breki mara tatu

*Land Rover yangu ya 109 hushika breki nikikanyaga mara tatu. Nimetoa hewa mara nne, chupa nne za mafuta ya breki zimeisha. Masta silinda ni mpya. (Msomaji, Umoja)*

Acha kutoa hewa kwanza. Pedali yenyewe inakwambia tatizo, ukiisikiliza kwa mguu. Ikiwa laini kama sponji hata baada ya kupampu, kuna hewa. Ukiishikilia nayo ikazama polepole hadi chini, mpira fulani ndani ya masta silinda unavuja, uwe mpya au usiwe. Lakini ikipanda kwa kupampu na kuwa ngumu kama jiwe, kama barua yako inavyoeleza, mara nyingi hakuna hewa. Laini za breki, vile vipande vinavyosugua dramu ili gurudumu lisimame, ziko mbali na dramu, na mafuta ya kanyago moja hayatoshi kuzifikisha.

Breki hizi hazijirekebishi zenyewe. Nyuma ya bamba la kila gurudumu utakuta vichwa vya boliti vinavyozungusha kipande chenye umbo la konokono, nacho husukuma laini kuelekea dramu. Breki za mbele za 109 zina silinda mbili kila gurudumu na kirekebishi kimoja kwa kila laini; mafundi wengi hugeuza kimoja wakasahau cha pili. Inua gurudumu, geuza kirekebishi hadi gurudumu lishikwe kabisa, kanyaga pedali kwa nguvu mara moja ili laini zikae katikati, geuza tena, kisha legeza kidogo mpaka gurudumu lizunguke na kukwaruza kwa mbali tu. Kikiwa kimeshikana kwa kutu, kipashe moto na ukitie mafuta siku moja kabla. Ukikilazimisha kitakatika, na itabidi kubadilisha bamba zima.

Bado pedali ni ndefu? Bana mipira ya breki mmoja mmoja kwa kibanio chenye midomo ya mviringo. Ukibana mmoja na pedali ikapanda ghafla, kosa liko kwenye gurudumu hilo.

Ukifungua dramu usipulize vumbi kwa kompresa. Laini za enzi hizo zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huua mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni na ufute. Ukikuta laini zimelowa oili ya difu, zitupe. Kuziosha kwa petroli hakusaidii, kwa kuwa oili imeshaingia ndani na itatoka dramu ikipata moto mkiteremka Mai Mahiu. Tafuta pia ilikotoka. Mara nyingi tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli limeziba kwa tope, hewa moto ikakosa pa kutokea na kusukuma oili kupita sili ya habu. Safisha tundu hilo kwa waya kabla ya kununua sili mpya. Ukirudisha habu, beringi ziwe na uchezaji wa milimita 0.05 hadi 0.10. Zikibanwa sana huungua.

Tahadhari moja kwa wanaonunua spea Kirinyaga Road. Nati za paipu za breki za Series ni za nyuzi za inchi, aghalabu 3/8 UNF. Za magari ya Kijapani ni milimita 10. Ukiziweka kiganjani huzitofautishi kwa macho. Ya Kijapani huingia mizunguko miwili, ikakaza, na fundi akiongeza nguvu hudhani imefika. Kumbe imekula nyuzi za silinda, na siku ya kukanyaga kwa dharura itachomoka. Nati ya breki huingia kwa vidole hadi karibu mwisho. Ikidai spana mapema, siyo yake. Paipu iwe ya inchi 3/16, ya kunifa (shaba iliyochanganywa na nikeli) au chuma, na ncha zake zipanuliwe kwa mashine.

Mafuta yawe DOT 4 ya chupa iliyofungwa, wala si ya kupimiwa kutoka kopo lililo wazi, maana hunyonya unyevu wa hewa. Ukitoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: la nyuma kushoto, la nyuma kulia, la mbele kushoto, umalizie na la dereva.

Moshi mweusi na harufu ya petroli

*Kabureta ni Zenith ya asili. Nimebadilisha plagi mara mbili, zinakuwa nyeusi ndani ya wiki. (Msomaji, Kayole)*

Kasoro ya Zenith hiyo inajulikana: kifuniko chake cha juu hupinda. Ni cha metali laini, na kila fundi aliyepita hapo amekaza skrubu zaidi ya aliyemtangulia. Kikishapinda, petroli hupenya kwenye maungio ya ndani badala ya kupita kwenye jeti, tundu dogo linaloipima, na hakuna skrubu ya nje inayoweza kuizuia.

Kifungue, ondoa gaskiti yote, kisha simamisha rula ya chuma juu ya uso wake ukielekeza dirishani. Ukiona mwanga chini ya rula, umepinda. Tafuta kipande cha kioo cha milimita 6 na ulaze juu yake msasa wa maji namba 240. Chora uso wa kifuniko kwa kalamu ya wino mzito, mistari ya kukatana. Sugua kwa mwendo wa namba nane bila kukandamiza, ukiinua kutazama kila mara. Wino utafutika pembeni kwanza na kubaki katikati. Endelea hadi wino wote uishe, malizia kwa namba 400, osha. Weka gaskiti mpya na ule mpira mdogo wa mviringo ulio ndani; ukisahauliwa, kazi yote ni bure. Kaza skrubu kwa kupokezana, kwa bisibisi fupi. Usipake silikoni. Petroli huivimbisha, na vipande vyake huishia kwenye jeti.

Kama moshi utapungua lakini usiishe, ni mwinuko wetu: hewa haba kwa petroli ileile. Jeti kuu ndogo kwa hatua moja hutosha, ila irudishe ya zamani ukihamia pwani. Tazama pia kichujio cha hewa cha bakuli la oili. Oili ikizidi alama, injini hukosa pumzi na moshi ni uleule.

Injini ya Kijapani

*Nimepata injini ya dizeli ya Nissan kwa bei nzuri. Kuna shida ya karatasi? (Msomaji, Kasarani)*

Logibuku ina namba ya injini na aina ya mafuta, kwa hiyo ni lazima ujulishe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe kabla ya mabadiliko kuingizwa. Rangi ukibadilisha, vivyo hivyo. Namba ya chesi ya Series imepigwa upande wa kulia mbele, karibu na kishikio cha springi, mahali hasa panapooza. Piga picha na uizungushie chaki kabla ya mtu yeyote kushika graenda, kwani ikikatwa gari halina utambulisho.

Kuhusu injini yenyewe, tungekuomba ufikirie mara mbili. Ekseli za nyuma za Series hukatika hata kwa petroli yake ya asili ikibebeshwa mzigo, na dizeli yenye nguvu zaidi itaongeza hiyo taabu. Tena magari ya mitumba yanayoingizwa nchini hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka 8, kwa hiyo Land Rover hizi zilizopo ndizo tulizo nazo. Ukiamua kuendelea, usichimbe matundu mapya kwenye chesi. Tumia vishikio vya kufunga kwa boliti, na injini ya asili uitie oili ndani ya silinda, uifunge kwa turubai na kuiweka juu ya mbao, isiguse sakafu.